Danieli Alipokuwa Mwanafunzi

Vijana wetu wapendwa wa Handeni na Korogwe, mnaoingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu,

Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, wanafunzi walikuwa wachache tu. Leo mgeni hukaa bwenini kati ya maelfu, wala hapana amjuaye kwa jina.

Danieli naye alikuwa mwanafunzi mgeni. Huko Babeli alipewa jina jipya, akawekwa miaka mitatu kufundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo. Angalieni, elimu hakuikataa; alijifunza hata akawapita wengine. Alichokikataa ni chakula cha mfalme, tena hakukikataa peke yake. Walikuwa pamoja naye Hanania, Mishaeli na Azaria.

Mimi nilipokuwa mgeni katika shule ya bweni, naliona haya kupiga magoti mbele ya wenzangu. Nikasali chini ya blanketi, kisha nikaacha kabisa. Usiku mmoja jirani yangu alishuka kitandani akapiga magoti, nami nikamfuata. Baadaye akaniambia, "Majuma mengi nalikuwa nikikungoja wewe uanze."

Basi, mwanangu, usingoje. Soma kwa bidii, na juma la kwanza mtafute mwenzio wa kusali naye. Huenda yeye naye anakungoja.

Nasi wazazi tuliobaki, tusipeleke fedha za karo tu, bali tuwataje watoto hawa kwa majina kila jioni mbele za Mungu. Amina.