Bomu Juu ya Watu Wetu

Ukiwa kibarazani Elgon View, chai mkononi, ni rahisi kusema: "Mimi ningeangusha tu. Hesabu ni hesabu." Haya, tuhesabu.

Februari 1944, meli tano za askari zilitoka Mombasa kwenda Colombo, zikilindwa na manowari Hawkins. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani iliipiga Khedive Ismail kwa torpido. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa zaidi ya watu 1,200, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Hawkins iliondoka na meli nne zilizobaki. Sawa, aliyeachwa majini bado ana bahati yake. Lakini nyambizi ilijificha chini ya waliokuwa wakiogelea, na kapteni wa Petard, Rupert Egan, akaamuru mabomu yaangushwe pale pale.

Angeiacha, ingeua wengine. Mwishowe Petard iliizamisha. Mimi naona alifanya lililobidi. Ila kijana aliyeandikishwa jeshini na mkoloni alijua huenda akauawa na Mjapani, si na mlinzi wake. Hilo nani alimuuliza?

Majina ya wapiga mizinga hao yako kwenye makaburi ya vita, Nairobi. Hayasemi nani aliuawa na torpido, nani na bomu.