Dawa ya Mtu Asiyeonwa na Tabibu

Kisonono ni ugonjwa wa watu wawili, lakini zahanati aghalabu hupokea mmoja. Huyo hupimwa, hutibiwa na kupona, kisha hurudi kwa mwenziwe ambaye hajijui kuwa mgonjwa, maana kisonono na klamidia, hasa kwa wanawake, huweza kukaa mwilini bila maumivu. Baada ya majuma machache aliyepona yuko tena mlangoni pa tabibu. Katika daftari ni mgonjwa mpya. Katika kweli ugonjwa ni ule ule, umekwenda na kurudi.

Hesabu nyingi za awali za maradhi haya zilimchukua aliyepona kama punje iliyorudishwa ghalani kuchanganyika na nyingine zote. Mwaka 1988 Dietz na Hadeler walitoa hesabu iliyowaweka watu katika jozi, jambo ambalo mke yeyote wa mume asiyetibiwa angaliweza kuwaambia mapema. Wawili wazima, maadamu wameshikamana, hawaambukizwi. Mmoja akiwa mgonjwa, kumtibu mwingine peke yake ni kuteka maji kwa pakacha.

Basi, je, ni haki tabibu kumpa mgonjwa dawa ampelekee mwenzi asiyeonwa? Desturi ya uganga hukataa: yamkini dawa itamdhuru, yamkini ana maradhi mengine. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Walakini jaribio la Seattle, Marekani, lililotangazwa mwaka 2005, lilikuta kisonono kimebaki au kimerudi kwa watu 3 katika 100 ambao wenzi wao walipelekewa dawa, na kwa 11 katika 100 walioachiwa desturi ya zamani ya kuwahimiza wenzi wakatafute matibabu wenyewe. Kwa klamidia tofauti ilikuwa ndogo, na hilo nalo lastahili kusemwa.

Ugumu mkubwa hauko katika kidonge, uko katika ulimi. Mwanamke mja mzito hupimwa kaswende kliniki kabla ya mumewe kupimwa popote. Kwa hiyo apelekaye dawa nyumbani hupeleka na shitaka, na wa kwanza kujulikana hudhaniwa ndiye mkosaji. Kumlazimisha aseme ni kumtuma vitani bila ngao. Kumnyamazia mume ni kumwacha augue, na kumrudishia mke ugonjwa aliotibiwa. Haki ni aulizwe kwanza kama nyumbani pana amani. Akijibu hapana, mhudumu aweza kumwita mume bila kutaja jina la aliyemtaja, japo katika nyumba ya mke mmoja jina hilo hujulikana upesi.