Mshahara wa mgonjwa ni haki, si sadaka

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Katika aya ya mwisho ya Suratul Muzzammil (73:20), Allah (S.W) aliwapunguzia Waumini uzito wa kisimamo cha usiku, na akaitaja sababu. Anajua kuwa miongoni mwao watakuwepo wagonjwa, wengine watakuwa wanasafiri katika ardhi wakitafuta fadhila Zake, na wengine watakuwa wanapigana katika njia Yake.

Tuizingatie aya hii. Mgonjwa na mtafuta riziki wametajwa pamoja katika aya moja, na wote wawili wamepewa nafuu. Ikiwa Mola mwenye haki ya kuabudiwa amempunguzia mgonjwa katika ibada Yake, mja mwenye duka, gereji, shule au kampuni anapata wapi ujasiri wa kumkazia mgonjwa katika kazi yake?

Suala hili linatugusa sana sisi wakazi wa mijini. Wapo miongoni mwetu wengi ambao ni wagonjwa na wakati huo huo ni watafuta riziki. Hawa ni wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu na seli mundu. Ugonjwa wao si wa wiki moja. Wanaamka alfajiri, wanaswali, wanameza dawa au kujichoma sindano, kisha wanapanda daladala kwenda kazini kama wengine. Ukiwatazama huwezi kuwatofautisha na wazima, mpaka siku hali inapobadilika.

Dua inayoficha dhulma

Tuchukue mfano. Kijana ameajiriwa na Muislamu mwenzake katika duka la vifaa vya ujenzi. Ana miaka minne pale. Ana kisukari na anatumia sindano za insulini. Mara moja kwa mwezi huenda kliniki. Mwanzoni tajiri yake anavumilia. Baadaye anaanza kumkata mshahara wa siku ya kliniki. Siku kijana analazwa wiki mbili, tajiri anakwenda kumjulia hali, anamwekea shilingi elfu hamsini mkononi na kumwambia: "Wewe nenda kapumzike ndugu yangu. Allah akushufie. Ukipona utarudi."

Maneno hayo ukiyasikia ni matamu. Lakini tuyapime. Kisukari cha kijana huyu si ugonjwa wa kwenda kupumzika mwezi mmoja ukaisha. Ni ugonjwa wa kuishi nao kwa dawa na uangalizi. Kumwambia arudi atakapopona ni kumwambia asirudi tena. Huko ni kumfukuza mtu kazi kwa lugha ya dua!

Na zile elfu hamsini? Tajiri anaziandika moyoni mwake kuwa ni sadaka. Kumbe kijana alikuwa anamdai mshahara wa siku alizolazwa, na kama ameachishwa kazi, anadai pia taarifa ya kuachishwa na malipo yake mengine. Amenyimwa kilicho chake, kisha amerudishiwa kipande kwa jina la hisani. Sadaka haitolewi kutoka katika mali ya mtu mwingine. Lipa deni kwanza, kisha ukitaka thawabu za sadaka, ongeza juu yake.

Allah (S.W) anatuamrisha katika Suratul Maida (5:1) tutimize mikataba, na ajira ni mkataba. Mtume (S.A.W), katika Hadith Qudsi iliyopokewa na Bukhari, ametaja watu watatu ambao Allah Mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ni nani kati yetu anayeweza kusimama katika kesi hiyo?

Iko Hadith nyingine katika Bukhari, aliyoisimulia Abu Musa (R.A), ambayo inatosha kuwa somo kwa kila mwajiri. Mtume (S.A.W) ametufahamisha kuwa mja anapougua au anaposafiri, huandikiwa mfano wa yale mema aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yuko mjini kwake. Yaani daftari la Allah halikati thawabu za mgonjwa kwa sababu ameshindwa kusimama. Halafu daftari la duka linakata siku mbili kwa sababu mtu alikuwa kitandani!

Sheria inasemaje

Wengi wetu tunadhani kulipwa wakati wa ugonjwa kunategemea moyo mzuri wa tajiri. Sivyo. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeliweka jambo hili wazi. Mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo analipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata analipwa nusu mshahara. Sharti lake ni kuleta cheti cha daktari. Asipokileta, mwajiri halazimiki kulipa. Zanzibar nako kuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005, na ndugu zetu wa huko waisome hiyo.

Sheria hiyo ya Bara inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Waislamu hatukupaswa kungoja Bunge litufundishe hili. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, imetuelekeza kuandika madeni na kuweka mashahidi. Lakini ni Waislamu wangapi wenye maduka wamewapa vijana wao japo karatasi moja? "Sisi ni ndugu, karatasi ya nini?" Undugu huo huonekana siku ya kuajiri, na hupotea siku ya kulipa.

Je, mgonjwa hawezi kuachishwa kazi kabisa? Tuseme ukweli. Sheria haijasema hivyo. Imekataza ubaguzi na kuutaja kwa jina ulemavu na VVU, lakini kisukari au shinikizo la damu havikutajwa kwa majina. Mtu ambaye kweli hawezi tena kazi yake anaweza kusitishiwa ajira. Lakini kuna utaratibu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri aangalie kwanza chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama inawezekana kumrekebishia kazi. Aongozwe na maoni ya daktari, na amsikilize mfanyakazi mwenyewe. Kumwambia mtu "kapumzike" na kumweka mwingine kwenye kiti chake si utaratibu.

Aliyeachishwa kwa njia hiyo ana mahali pa kwenda. Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayojulikana kwa kifupi CMA. Lakini azingatie muda. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa huko ndani ya siku 30. Madai mengineyo ni ndani ya siku 60. Wengi hukaa nyumbani miezi mitatu wakisubiri tajiri awaite, na wakishtuka mlango umeshafungwa.

Subira si kunyamaza

Hapa patasikika sauti: "Ndugu, vumilia. Huo ni mtihani. Mshitaki kwa Allah." Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini yanatumiwa vibaya. Nabii Ayyub (A.S) ni mfano mkubwa wa wenye subira, na Qur'an inatueleza katika Suratul Anbiyaa (21:83) kwamba alimlilia Mola wake na kutaja dhara iliyompata. Kuitaja shida hakukumtoa katika subira. Subira ni kwa maradhi ambayo Allah amekadiria. Ama dhulma ya mja mwenzako, Suratun Nisaa (4:135) imewaamrisha Waumini wasimame imara katika uadilifu, hata kama ni dhidi ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Kumkumbusha tajiri Muislamu haki unayomdai ni kumsaidia, kwa sababu kuilipa hapa duniani ni nafuu kuliko kuilipa Akhera kwa thawabu zake.

Wajibu wa mgonjwa mwenyewe

Ndugu zangu wagonjwa nao wana amana. Suratul Qasas (28:26) inataja sifa mbili za mbora wa kuajiriwa, kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Nguvu zikipungua kwa ugonjwa, uaminifu usipungue nao.

Kwanza, usifiche ugonjwa unaoweza kukudhuru au kudhuru wengine. Dereva au fundi wa mashine anayetumia insulini, sukari ikimshuka ghafla, yeye na wenzake wako hatarini. Si lazima duka zima lijue. Mwambie msimamizi wako na mwenzako mmoja unayemwamini. Wajue dalili zake, ambazo ni jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Wajue pia la kufanya: akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka sukari au soda yenye sukari. Akipoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, bali akimbizwe hospitali.

Pili, tunza karatasi zako. Kadi ya kliniki, cheti cha daktari, hati za mshahara na barua zote ziweke nakala nyumbani. Ukitoa ED kwa mwajiri, baki na kivuli chake. Haki isiyo na ushahidi ni tabu kuidai.

Tatu, usidanganye. Anayenunua ED ya uongo ili aende harusini anakula mshahara wa haramu, na anawaharibia wagonjwa wa kweli, kwani tajiri aliyedanganywa mara mbili hamwamini wa tatu.

Nne, tumia dawa. Mtume (S.A.W) ametuhimiza tujitibu na akatufahamisha kuwa Allah hakuteremsha maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee. Kuacha dawa kwa kudai tawakkul, kisha kuanguka kazini kila wiki, si tawakkul. Na katika Ramadhani, ambaye daktari mjuzi amemkataza kufunga asione haya. Suratul Baqara (2:184-185) imempa mgonjwa ruhusa, na imetaja kuwa Allah anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Wafanyakazi wenzake nao wasimsimange wakimuona anakunywa maji adhuhuri.

Kwenu matajiri

Mzee wa Madyan alipomwajiri Nabii Musa (A.S), kama ilivyo katika Suratul Qasas (28:27), alimweleza muda wa kazi na ujira wake, kisha akamhakikishia kuwa hataki kumtia mashaka. Huo ndio uajiri wa watu wema: masharti yanajulikana, na mwajiriwa hatwishwi asichokiweza. Naye Mtume (S.A.W), katika Hadith ya Abu Dharr (R.A) iliyomo katika Bukhari na Muslim, amewakataza watu wasiwatwishe walio chini yao kazi inayowashinda, na wakiwatwisha basi wawasaidie.

Na kumsaidia mgonjwa wa kudumu mara nyingi hakugharimu kitu. Mwenye kisukari anahitaji dakika kumi za kula kwa wakati wake. Mwenye pumu ahamishwe kutoka stoo yenye vumbi la saruji kwenda kwenye hesabu. Mlinzi mwenye shinikizo la damu apangiwe zamu ya mchana. Mwenye seli mundu asipewe kazi ya kubeba mizigo juani. Siku ya kliniki inajulikana mwezi mzima kabla. Kaeni mpatane, na mwenzake ashike zamu. Mkifanya hivyo mtabaki na mtu mwenye uzoefu na moyo wa shukurani.

Nasema haya pia kwa taasisi zetu wenyewe za Kiislamu. Walimu wetu wa madrasa, wapishi wa shule zetu na waadhini wa misikiti yetu, ni wangapi wana mkataba ulioandikwa? Akiugua, tunapitisha kikapu baada ya Ijumaa. Kikapu ni kizuri, lakini kinapitishwa kumchangia mtu ambaye taasisi hiyo hiyo ilitakiwa imlipe mshahara wake. Tuanze na kuwaandikia mikataba hawa. Na Waislamu wanaosomea sheria watenge japo saa moja kwa mwezi, wakae msikitini baada ya swala, wawasikilize wafanyakazi na kuwaonesha njia.

Tunamuomba Allah (S.W) awashufie wagonjwa wetu, awape walioajiri macho ya kuona haki iliyo mikononi mwao, na asitufufue Siku ya Kiyama tukiwa na ujira wa mtu shingoni. Amin.

Wabillahi tawfiq.