Doa Karibu na Maia



Kitabu cha Ayubu kinakitaja Kilimia, lile kundi la nyota, mara mbili. Katika sura ya 9 anakitaja Ayubu mwenyewe, mtu aliyeketi majivuni, akilia kwamba Yeye aliyekiumba ni mkuu mno hata hakuna awezaye kushindana naye. Katika sura ya 38 ni Mungu anayemuuliza Ayubu kama yeye ndiye awezaye kukifunga. Katikati ya sura hizo mbili wamejaa marafiki wa Ayubu wanaosema, na kusema, na kusema. Juma hili ninaomba tukitazame Kilimia chenyewe, kwa sababu kina jambo la kutufundisha juu ya marafiki wale.

Wazee wetu walikifuata angani ili wajue majira ya kulima. Macho ya kawaida huona humo nyota sita, na mwenye macho makali huona zaidi, ingawa kundi zima lina nyota zaidi ya elfu moja, kwa umbali wa miaka ya nuru ipatayo 440. Tusichokiona ni vumbi. Nyota zile hivi sasa zinapita ndani ya wingu kubwa la vumbi lisilo na mwanga wake lenyewe. Vumbi hilo hupokea mwanga wa nyota na kuutawanya, nao hutufikia ukiwa wa buluu hafifu. Wataalamu huliita nebula. Nuru yake huingia machoni petu kila usiku tunapokitazama Kilimia, lakini jicho haliweki akiba: linapokea, linasahau, linapokea tena.

Tarehe 3 Novemba 1885, katika kituo cha kutazamia nyota cha Harvard kule Marekani kilichoongozwa na Edward Pickering, Kilimia kilipigwa picha kwenye bamba la kioo. Karibu na nyota iitwayo Maia palitokea alama. Ikadhaniwa ni kasoro ya bamba, ikaachwa. Siku 13 baadaye, tarehe 16, ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walipiga picha nyota zile zile, na alama ikatokea pale pale, karibu na Maia. Wao wakatambua kwamba ni nebula. Mwezi Februari 1886 Otto Struve, akitumia darubini kubwa mpya ya Pulkovo nchini Urusi, akaiona kwa jicho lake. Watu walikuwa wamekikagua Kilimia kwa darubini kwa zaidi ya miaka 200.

Siwalaumu watu wa Harvard. Mabamba ya wakati ule yalikuwa na mikwaruzo na madoa mengi, na mtu makini hatangazi ugunduzi kwa kila doa. Ukweli ni kwamba bamba moja peke yake haliwezi kukuambia kama ulichokiona ni uchafu au ni mbingu.

Mimi ninalijua jambo hili kwa mikono yangu. Kamera ninayopigia picha za kipaimara hapa usharikani, nikiifungia lenzi ndefu ya milimita 200, hukienea Kilimia chote na kubakiza nafasi pembeni. Huhitaji darubini. Unahitaji usiku usio na mwezi, mahali pasipo na taa za barabarani, na kiangazi cha Januari na Februari, mvua za vuli zikishapita, Kilimia kinapokuwa juu upande wa kaskazini mara giza linapoingia. Usiiamini alama ya umbali iliyochorwa kwenye lenzi. Tafuta nyota angavu, ikuze kwenye kioo cha kamera, kisha zungusha pete taratibu mpaka nyota iwe ndogo kabisa.

Dunia inazunguka, na kwa lenzi ya urefu huo, kamera ikiwa imesimama tu juu ya miguu mitatu, baada ya sekunde mbili hivi nyota huanza kuwa vistari. Iko mashine ndogo ya kuizungusha kamera sambamba na anga, lakini kwetu karibu na ikweta si rahisi kuielekeza, maana mhimili wa anga umelala karibu kabisa na upeo wa macho. Asiye na mashine hupiga picha fupi fupi, mamia kwa mamia. Ukiifungua moja utakata tamaa: nyota chache, weusi, na chembechembe za rangi zilizotapakaa. Wingu halimo, kwa jinsi jicho lionavyo.

Kumbe limo. Programu ya kompyuta huzipanga picha zote nyota juu ya nyota na kuzijumlisha. Chembechembe hurukaruka ovyo, leo hapa, kesho pale, na nuru ya wingu huanguka mahali pamoja kila mara. Ukijumlisha picha 100, nuru huwa mara 100 na vurugu huwa mara 10 tu, kwa hiyo wingu linakuwa wazi mara kumi zaidi. Ukitaka kulidhihirisha maradufu ya hapo, picha 100 nyingine hazitoshi. Zinatakiwa 400 kwa jumla. Hakuna njia ya mkato niijuayo.

Lakini kuna kasoro zisizorukaruka. Kila kamera ina nukta mbovu zinazong'aa bila kupokea nuru yoyote, daima mahali pale pale. Hizo zikijumlishwa nazo huongezeka, na zinaweza kukudanganya kabisa. Dawa zake ni mbili. Kila baada ya picha chache unaisogeza kamera kidogo. Kasoro ya kamera huhama pamoja na kamera, na wingu hubaki na nyota zake. Kisha, kabla hujafunga vifaa, unaifunika lenzi kwa kifuniko chake na kupiga picha za giza tupu, kwa muda ule ule na katika baridi ile ile. Hapo kamera inakuonyesha ubovu wake yenyewe, bila nyota hata moja, nawe unautoa ubovu huo katika kila picha uliyopiga.

Ninaipenda sana hatua hiyo ya kifuniko. Bwana wetu, alipoonya juu ya boriti na kibanzi katika sura ya 7 ya Mathayo, hakukataza kukitoa kibanzi cha ndugu. Alitaka tuanze na jicho letu. Mzee wa kanisa anayekwenda kumtembelea mtu akiwa hajui hasira zake mwenyewe, woga wake, na kabila analolipendelea, atarudi na taarifa yenye nukta zake yeye.

Rudi sasa kwa Ayubu. Marafiki wake watatu walianza vizuri kuliko wengi wetu: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, kimya. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu, kwa kuwa waliyaona mateso yake wakadhani ni doa lake. Lazima umetenda dhambi, wakasema, kila mmoja kwa zamu yake, na kila mmoja akiwa amesimama mahali pale pale aliposimama mwenzake. Hakuna aliyesogea hata kidogo ili aone kama doa lilikuwa kwa Ayubu au katika fundisho lake mwenyewe. Katika sura ya 42 Mungu anawaambia wazi kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu.

Hata katika mtaa wetu yuko mama mmoja aliyekuwa akitoka ibadani kabla ya wimbo wa mwisho, kila Jumapili. Alisemwa kwamba ana kiburi. Mgeni wa kwanza aliyefika kwake alipokewa mlangoni, wa pili pia. Wa tatu alikwenda jioni, ndipo akakaribishwa ndani, akamkuta mume aliyepooza, asiyeweza kuachwa peke yake kwa muda mrefu.

Mwezi huu wazee watapokea orodha ya washarika waliowekewa alama kwamba hawashiriki tena. Ninawasihi, jina lolote lisifutwe kwa ziara moja. Aende mmoja, kisha aende mwingine asiyekuwa rafiki wa yule wa kwanza, kwa saa tofauti, na habari ya michango isiguswe kabisa. Atakayekuta mlango umefungwa aandike tarehe na saa, amkabidhi katibu wa mtaa, tupange nani atakayefuata.