Je, Jani Lisilotugharimu Kitu ni Zawadi?



Katika kikundi chetu cha akina mama lilizuka swali, nalo halijaisha. Mtu akikata jani la ua lake la nyumbani akampa jirani, na ua lake likabaki vilevile, ametoa nini? Wengine walicheka wakasema hilo si la kujadili. Sisi tunaona ni la kujadili sana.

Sisi ni watu tuliozoeshwa kupokea. Tumepokea turubai, ndoo, blanketi na maharage, na kila mara tumetia dole gumba kwenye karatasi. Baadhi yetu tulilala Nkamira mwaka 2012 kabla ya kupelekwa Kigeme. Wengine walipita hapo mwaka 2023. Nyiragongo ilipotapika moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma walikimbilia huku Gisenyi. Tusisahau kwamba mwaka 1994 Wanyarwanda wengi mno walishika njia hiyohiyo wakielekea Goma. Barabara ni ileile, zamu tu ndizo zinazobadilika. Lakini mtu akipokea miaka yote bila kutoa, hupungukiwa na kitu ambacho hakimo kwenye mgao.

Wanaosema jani si zawadi wana hoja nzito. Wanamtaja mfalme Daudi, aliyekataa kutoa sadaka ya bure kwenye uwanja wa Arauna, akaulipia. Kisichokuuma, wanasema, hujakitoa.

Tuutazame basi mmea mmoja ulioko kwenye makopo mengi hapa: ule wa majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye mistari ya kijani ya kukatiza na ukingo wa njano. Waliosoma Kifaransa huuita ulimi wa mama mkwe (wakwe zetu watusamehe). Aina hiyo ya ukingo wa njano ilitoka Kongo mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imebeba jina la Mbelgiji Émile Laurent, mtaalamu wa mimea. Leo iko madirishani dunia nzima.

Ukitaka kuuzalisha kwa jani, kata kipande chenye urefu wa kiganja, kiache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, kisha kichomeke kwenye udongo usiotuamisha maji, upande wa chini ukibaki chini. Ukikigeuza hakitaota mizizi. Maji kidogo tu, na subira ya miezi. Chipukizi litakuja, lakini litakuja la kijani tupu! Ukingo wa njano haurithiwi kwa jani, kwa sababu chipukizi jipya huanzia kwenye nyama ya ndani ya jani, ambayo haina rangi hiyo. Ukitaka jirani apate njano, sharti ung'oe shina lako, ukate tumba la chini pamoja na mizizi yake, ugawane naye. Hapo wako unapungua kweli.

Kwa hiyo mmea mmoja una utoaji wa aina mbili. Sisi hatukubali kwamba ule wa kwanza ni bure tu. Kule Uchagga, kwenye Kilimanjaro, jani la sale hukua kwenye ua wa kila boma na halina bei. Lakini anayekwenda kuomba msamaha hulipeleka, na aliyekosewa hulitazama kwa uzito. Hakuna anayeuliza liligharimu kiasi gani. Jani la jirani pia husema: nimekuona, nawe una mahali pa kupandia. Asiye na kitu anaweza kusema hivyo. Ila tusijidanganye tukatoa majani siku zote ilhali tumbani hatugusi.

Jambo moja halina mjadala: usimpe mtu mmea usioujua. Mshubiri na katani hufanana zikiwa changa, zote zina meno pembeni. Vunja jani: mshubiri hutoa ute, katani ina nyuzi ngumu. Mtu anaweza kujipaka maji ya katani akidhani ni dawa, akawashwa ngozi. Na manyara, ukimkatia mwenye watoto, mwambie maziwa yake yakiingia jichoni yanaunguza vibaya sana.

Jumamosi baada ya usafi wa kanisa tutagawana miche nyuma ya jengo. Ya kijani ipo mingi. Ya njano ni mitatu, na wenyewe wamekubali kuing'oa. Kila mmoja alete kopo au kidumu kilichokatwa, kitobolewe chini, na kiganja kimoja cha changarawe za lava, ambazo hapa kwetu hazijawahi kuadimika.