Je, Kurudi Nyuma Mlimani ni Aibu?

Mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro huuona mlima tangu utotoni, na kwa sababu hiyo hudhani ya kuwa anaujua. Sisi tulikuwa miongoni mwa watu hao. Tuliwafundisha watoto kwamba Kibo kina meta 5,895 juu ya bahari, wakaandika, tukasahihisha madaftari. Lakini namba iliyo ubaoni na namba iliyo chini ya miguu si kitu kimoja.

Wengi wetu husema kwamba mlima ni wa wenye nguvu. Kijana mwenye kifua kipana, awashindaye wenzake kwa mbio, husifiwa, "Huyu atafika," na mzee mwembamba huambiwa abaki nyumbani. Kumbe ugonjwa wa mlimani hauchagui kifua. Apandaye upesi ndiye ashikwaye, na mara nyingi mwenye nguvu hutangulia kushikwa, maana miguu yake humpeleka upesi kuliko mwili wake uwezavyo kuzoea.

Wengine hudhani kwamba hewa ya huko imepungukiwa na ile oksijeni itupayo uhai. Sivyo. Oksijeni ni sehemu ile ile, yapata 21 katika kila 100, pwani na kileleni. Lakini hewa ina uzito, na ile ya pwani imegandamizwa na hewa yote iliyo juu yake. Ya mlimani haikugandamizwa hivyo. Kileleni mwa Kibo mkazo wake ni karibu nusu ya ule wa pwani. Basi mtu huvuta pumzi nzima akapata kama nusu yake. Mwili waweza kujifunza kuishi hivyo, ila hujifunza kwa siku, si kwa saa.

Ndiyo sababu waganga hushauri kwamba mtu akiisha kupita meta 3,000, kila usiku asilale juu zaidi ya meta 500 kuliko usiku uliotangulia, tena apumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Sasa msomaji na apige hesabu ya njia ya Marangu, ambayo watu huiita rahisi kwa kuwa haitaki kamba wala shoka la barafu. Nyumba za Mandara ziko karibu meta 2,700, Horombo karibu 3,700, Kibo karibu 4,700. Kila siku ni kama meta elfu, yaani mara mbili ya kipimo. Urahisi wa njia ndio mtego wake.

Haya yote tulikuwa tumeyasoma kabla ya kupanda na vijana wetu wa shule. Jioni ya Horombo kichwa kilituuma sana, na chakula kikatuchukiza. Kiongozi wetu, mtu mzima wa makamo, akatuuliza mbele ya vijana, "Mwalimu, kichwa chako hakijambo?" Tukamjibu, "Hakijambo, Baba." Ulikuwa uongo. Tulikuwa tumekwisha kuwaaga watu kijijini kwa maneno makubwa, nasi tuliona haya mbele ya vijana.

Palikuwa na kijana mmoja, mwenye nguvu kuliko wote, aliyekuwa ametapika nyuma ya nyumba bila kuonekana. Alipoulizwa, alijibu kwa maneno yetu yale yale. Kesho yake, katika uwanda mkavu ulio kati ya Mawenzi na Kibo, akaanza kuyumba kama mlevi. Kiongozi akamwambia atembee katika mstari, kisigino mbele ya vidole. Hatua ya tatu akaanguka. Hakupewa nafasi ya kubishana. Mlevi wa namna hiyo ubongo wake umeanza kuvimba, na dawa iliyo kuu ni kushuka, tena saa ile ile, wala si kungoja asubuhi. Wapagazi wawili walimshika mikono, nasi tukashuka naye. Tulipofika Mandara usiku, alikuwa akitembea sawa, akaomba uji.

Wazee wetu walisema kwamba huko juu kuna pepo wawauao watu. Hawakukosea kuogopa, walikosea jina tu. Hata mabingwa wa London walikosea, walipomkatalia Rebmann aliyeandika kwamba mwaka 1848 aliona theluji juu ya mlima huu.

Na habari ya kurudi nyuma? Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni, alirudi mwaka 1887 pasipo kufika. Mwaka 1888 alikamatwa katika vita vya pwani, asiupande kabisa. Tarehe 3 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller walifika ukingo wa juu, nguvu zikawaishia, wakashuka kambini; wakafika kileleni tarehe 6. Waliweza kurudia kwa sababu kambi zao zililetewa chakula na wapagazi, na kwa sababu Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyezoea joto la pwani, alikaa katika kambi ya juu akiwangoja katika baridi ile. Hatujasikia mtu akimwita Meyer mwoga kwa kurudi kwake. Na Amani, ambaye kilele hakumpata kabisa, wangapi wanamjua?

Tuliporudi shuleni watoto wadogo walituuliza, "Mwalimu, mlifika?" Tukawaambia kwamba hatukufika, tena tukawaeleza uongo wetu wa Horombo. Baadhi yao walicheka. Yule kijana hakucheka. Sasa anaweka akiba apande tena kwa njia ndefu, yenye siku nyingi zaidi, naye ametuomba twende pamoja. Tumekubali kwa sharti moja: kila jioni atatuuliza habari za kichwa chetu, nasi tutamwuliza za chake.