Chombo Kilicho Hai: Dhamana Yake ni ya Nani?

Maziwa lala yanywewayo Makongeni, mjini Thika, hayalali yenyewe. Hulazwa na bakteria, viumbe wasioonekana kwa macho, na miongoni mwao yumo aitwaye Lactococcus lactis. Wazee waliogandisha maziwa vibuyuni walimtumikisha bila ya kumjua, wala hapana aliyeuliza kama wamemdhulumu.

Sasa ametwikwa kazi nyingine. Mwaka 2014 wataalamu wa Valencia na Glasgow walieleza jinsi walivyoibadili asili yake hata akawa anavaa, juu ya ngozi yake, kipande cha fibronektini, nayo ni protini ambayo seli za miili yetu huishika zipate kukaa mahali pake. Walimwotesha juu ya kitu kisicho hai akawa utando, na juu ya utando huo wakapanda seli za panya. Seli zile zikajinyosha, zikaungana, zikawa nyuzi za misuli. Mwaka 2018 watu wa Glasgow wakaeleza kubwa zaidi: kwa bakteria huyo huyo, seli changa za binadamu ziliongozwa zikashika njia ya kuwa mfupa. Hayo yote, tufahamu, yalifanyika katika vyombo vya maabara, si mwilini mwa mgonjwa.

Wako watakaosema kuwa huku ni kuchezea maumbile. Hoja hii haituridhishi. Mbegu na mifugo tumeibadili tangu kale kwa kuchagua, na aliyevunjika mguu usiounga hatibiwi kwa hofu zetu. Lakini wako na wasemao kuwa bakteria ni chombo tu, mfano wa nyundo. Na khasa hawa ndio tunaowachelea. Nyundo ukiiweka chini hubaki ilipo. Kilicho hai huzaa, na wazao wake huenda wasifanane naye. Basi mwenye kukitengeneza aweza vipi kusema, "Nimekwisha kuuza, si changu tena"?

Kenya inayo sheria ya mwaka 2009 juu ya viumbe waliobadilishwa namna hii, nayo hutaka idhini kabla ya kazi. Ni jambo jema. Ila idhini ya serikali si idhini ya mgonjwa. Tiba hii ikifika hospitalini kwetu, mgonjwa na aambiwe, kwa lugha aifahamuyo, kwamba anachotiwa mwilini kina uhai. Na mtengenezaji aonyeshe kwanza ni kwa njia gani atakiua kikipita mpaka wake. Asiyeweza kuonyesha, na angoje.